Kumsikiliza Anayesikiliza

Orodha ya wahadhiri wa idara ya ushauri nasaha husomwa harakaharaka. Jina, shahada, kisha ubobezi: ndoa na familia, uraibu, kiwewe, watoto wadogo, uchaguzi wa kazi, ushauri wa wanafunzi shuleni, utengamao wa watu wenye ulemavu. Anayetafuta msimamizi wa tasnifu hupitisha kidole mpaka kwenye jina linalomfaa, akaishia hapo. Lakini pembeni ya jina la mhadhiri mmoja au wawili huwa pameandikwa ubobezi ambao wengi huuruka: usimamizi wa washauri wanafunzi. Huo ndio ninaotaka kuusifu leo. Naamini ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika idara hizo, na kwamba ubobezi mwingine wote unasimama juu yake.

Kazi yenyewe ni hii. Mwanafunzi amekaa na mteja dakika 50. Wiki hiyohiyo anakwenda kwa mhadhiri na rekodi ya kikao, iliyochukuliwa kwa idhini ya mteja, nao wanaifungua pamoja. Mhadhiri hana kazi na mteja moja kwa moja. Anamsikiliza mwanafunzi wake akimsikiliza mteja. Anatafuta mahali ambapo sikio lilikuwa wazi na mahali lilipoziba, na akishapaona, inambidi apaonyeshe kwa namna itakayomwezesha mwanafunzi kurudi kwa mteja wiki inayofuata akiwa na uthabiti zaidi kuliko alivyokuwa. Ukimkosoa sana, atarudi akiwa anajisikiliza mwenyewe badala ya kumsikiliza mteja. Ukimsifu tu, atarudia yaleyale.

Zamani haikuwezekana kufundisha hivi. Mshauri alikaa na mteja, akatoka, akaandika alichokumbuka, na mwalimu wake akasahihisha kumbukumbu hiyo. Aliyeleta mageuzi ni mwanasaikolojia Carl Rogers. Alikuwa amefanya kazi na watoto na wazazi wao kwa miaka 12 mjini Rochester, jimbo la New York, kabla ya kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1940. Pale, akisaidiwa na mwanafunzi wake Bernard Covner, aliweka maikrofoni katika chumba cha ushauri, akaiunganisha kwa waya na mashine mbili zilizokuwa chumba kingine, zikichora sauti kwenye sahani za santuri. Upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika tatu tu za mazungumzo, kwa hiyo palikuwa na mtu aliyekaa na mashine hizo kikao kizima, moja ikikaribia kujaa anaiwasha nyingine, anageuza, anabadilisha. Baadaye kila neno lilinakiliwa kwa mkono wa uvumilivu, sindano ikirudishwa nyuma tena na tena.

Fikiria ushujaa wa jambo hilo kwa mwalimu. Mpaka wakati huo kilichotokea ndani ya chumba cha ushauri kilijulikana kwa watu wawili tu, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiandika ripoti. Covner alilinganisha ripoti za washauri na rekodi za vikao vyao, akakuta sehemu kubwa ya yaliyosemwa haikuwamo kabisa. Watu hawakuwa wakidanganya. Kumbukumbu ilikuwa imewapangia kikao kizuri kuliko kilichofanyika. Mwaka 1942 Rogers alichapisha kitabu ambacho ndani yake kulikuwa na vikao vinane vya mteja aliyepewa jina la Herbert Bryan, kuanzia salamu ya kwanza hadi ya kwaheri, kila kauli ikiwa na namba yake, na maelezo chini ya ukurasa yakionyesha mahali mshauri alipofanya vizuri na mahali alipoteleza. Mshauri huyo alikuwa Rogers mwenyewe. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuchapisha kikao kizima namna ile, na sijui taaluma nyingine ambayo mabingwa wake walikubali mapema hivyo kuanikwa neno kwa neno mbele ya wanafunzi.

Kwa rekodi za namna hiyo hufanyika zoezi ambalo mpaka leo huwatoa jasho wanafunzi wa ushauri kila mahali: kunakili kikao. Ukurasa unagawanywa safu. Safu ya kwanza ni maneno ya mteja, ya pili ni maneno ya mshauri, ya tatu ni kile mshauri alichokuwa akikiwaza au kukihisi wakati huo, na mara nyingi kuna ya nne, ya msimamizi. Dakika kumi za maongezi humaliza jioni nzima. Kila kimya kinaandikwa na urefu wake. Kila "mmh" inaandikwa. Mwanafunzi anayeanza hudhani anafanya kazi ya karani. Akifika ukurasa wa tatu hugundua kwamba amemkatiza mteja mara nyingi kuliko alivyokumbuka.

Nitatoa mfano niliouunda mwenyewe kwa kufuata aina ya mambo yanayojitokeza katika kurasa hizo. Mama wa makamo anamwambia mshauri mwanafunzi: "Tangu mwanangu aondoke, nyumba imekuwa kubwa." Mwanafunzi anajibu: "Pole sana mama. Ameondoka lini?" Mama anasema miezi saba. Anaulizwa amekwenda wapi. Anataja mji. Anaulizwa kama wanawasiliana. Ndiyo, kwa simu. Dakika nne zinapita katika tarehe, nauli na mtandao wa simu, na nyumba kubwa imeachwa nyuma kabisa.

Msimamizi mwenye pupa angemweleza mwanafunzi hapo hapo kwamba ameuliza maswali mengi. Ni kweli, na haingemsaidia kitu, kwa sababu wiki ijayo angebana maswali na kukaa kimya kwa woga. Msimamizi fundi anarudisha rekodi nyuma na kuuliza: "Hapa ulisikia nini?"

"Kwamba mama ana upweke."

"Ulimwambia kwamba umesikia hivyo?"

"Hapana, Profesa."

"Ulipotaka kumwambia, nini kilikuzuia?"

Mwanafunzi anafikiri. "Niliona macho yake. Niliogopa atalia."

"Na angelia?"

Hapo msimamizi ananyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakodai miaka ya mazoezi. Anajua kwamba jibu linalofuata halihusu mbinu. Huenda mwanafunzi atasema kwao watu wazima hawalii mbele ya watoto. Huenda atamtaja mama yake mzazi. Huenda hatasema lolote, atainamisha kichwa na kuandika kitu kwenye daftari. Lile swali la tarehe halikuwa udadisi. Lilikuwa mlango wa kutokea, na aliyekuwa akitafuta kutoka ni mshauri. Hilo mwanafunzi akilipata mwenyewe, hahitaji kuambiwa apunguze maswali. Safari nyingine mteja akisema nyumba imekuwa kubwa, atathubutu kusema: "Imekuwa kubwa," na kusubiri.

Msimamizi ananikumbusha fundi cherehani anayefumua mshono wa mwanagenzi wake uzi mmoja mmoja bila kuchana kitambaa. Sentensi moja ya mteja, jibu moja la mwanafunzi, na kati yake hofu ndogo ambayo hakuna mwingine angeiona.

Mtu aliyeifanya hofu hiyo kuwa somo rasmi ni Norman Kagan wa Chuo Kikuu cha Michigan State. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashine za kurekodi picha na sauti zilikuwa mpya vyuoni, na wageni waliokuja kutoa mihadhara walirekodiwa. Kagan na wenzake waliona jambo la ajabu: mgeni akionyeshwa picha yake mara tu baada ya mhadhara, anakumbuka mambo mengi mno yaliyompitia kichwani alipokuwa akisema, hata yale ambayo asingeyataja kwa kuulizwa tu. Kagan akajenga juu ya hilo njia ya kufundishia. Mwanafunzi anatazama kikao chake na ndiye anayeshika kitufe. Anasimamisha mahali popote anapokumbuka kitu. Aliye naye haruhusiwi kuhukumu wala kufundisha. Kazi yake ni kuuliza: ulikuwa ukihisi nini hapa, ulitamani kusema nini, ulidhani yeye anakuonaje. Kwa profesa mwenye miaka 30 ya kazi, kukaa saa nzima bila kutoa jibu analolijua ni kujinyima kwa hali ya juu. Nawaheshimu sana wanaoweza.

Allen Ivey alikwenda njia nyingine. Akiwa Chuo Kikuu cha Colorado State miaka ya 1960, yeye na wenzake walijiuliza kama kusikiliza kunaweza kugawanywa vipande vidogo vinavyofundishika kimoja kimoja: mtazamo wa macho, mkao wa mwili, sauti, na kufuata mada ya mzungumzaji bila kuruka kwenda nyingine. Mmoja wa watu wa kwanza kufundishwa alikuwa katibu muhtasi wa ofisi yao. Alirekodiwa akimhoji mtu, akaonyeshwa, akaelezwa vipande hivyo, akarekodiwa tena, na mabadiliko yalikuwa makubwa. Wakafurahi. Lakini kilichowashangaza zaidi kilikuja baada ya mwisho wa wiki, aliporudi kazini na kuwaeleza kwamba amejaribu kumsikiliza mumewe namna ile nyumbani, na wamekuwa na siku nzuri sana. Kwa hadithi hiyo naelewa kwa nini wahadhiri wa somo la stadi za awali, ambalo wengi hulidharau kuwa la kuanzia, ni watu wa kuheshimiwa. Wanafundisha kitu kinachotoka darasani na kwenda kukaa mezani nyumbani.

Huku kwetu kipande cha macho kinahitaji mkono mwangalifu. Kijana anayemkazia macho mtu mzima anaonekana hana adabu, na mteja anayeinamisha macho huenda anatoa heshima, hafichi kitu. Ivey naye alikuja kusisitiza kwamba stadi hizi hubadilika kutoka jamii moja hadi nyingine. Kitabu kikisema mtazame mteja machoni, mhadhiri wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ana kazi ya ziada ya kumwonyesha mwanafunzi jinsi ya kumpa mzee masikio yote huku macho yakiwa chini kidogo. Hilo halifundishwi kitabuni.

Nimesema ubobezi mwingine unasimama juu ya ufundi huu, na ushahidi ninaoupenda unatoka kwenye uraibu. Mwaka 1982 William Miller, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New Mexico, alikuwa Norway kwa likizo ya utafiti, akifanya kazi katika kliniki ya walevi karibu na mji wa Bergen. Wanasaikolojia vijana wa pale walimwomba aonyeshe jinsi anavyozungumza na mlevi. Wao waliigiza wagonjwa. Kila mara walimsimamisha. Kwa nini umeuliza hilo na hukuuliza lile? Kwa nini umeyarudia maneno haya na si yale? Miller akajikuta anaeleza kanuni ambazo hakuwahi kuziandika popote: usibishane na mtu kuhusu pombe yake, ukimbana, atatetea ulevi, sikiliza sababu zake mwenyewe za kutaka kubadilika, uzirudishe kwake ili azisikie. Akaziandika, zikachapishwa mwaka 1983, na baadaye yeye na Stephen Rollnick wakazitanua kuwa mbinu ya usaili wa kuhamasisha ambayo leo inafundishwa duniani kote. Ilitoka kwa wanasaikolojia vijana waliokuwa na ujasiri wa kumkatiza bingwa, na bingwa aliyekuwa na unyenyekevu wa kujibu.

Kwa wahadhiri wa ndoa na familia sikio lazima liwe pana, maana chumbani kuna watu watano na kila mmoja anamsemea mwenzake. Hao ndio waliozoea kioo cha upande mmoja: familia na mshauri upande huu, msimamizi na wanafunzi upande wa pili, na simu ukutani. Katika kliniki ya watoto ya Philadelphia iliyoongozwa na Salvador Minuchin, simu hiyo ililia katikati ya kikao na mshauri akapewa sentensi moja, labda mhamishe baba akae karibu na mtoto. Minuchin na mwenzake Jay Haley walitumia njia hiyo kuwafundisha hata watu wa mitaa ya pale wasio na shahada, nao wakawa washauri wazuri wa familia. Napenda ubahili wa simu ile. Msimamizi nyuma ya kioo anaona mambo kumi. Anachagua moja linaloweza kubebwa na mtu aliye katikati ya moto.

Wa uchaguzi wa kazi ndio wazee wa ukoo wote. Frank Parsons alifungua ofisi yake Boston mwaka 1908 kuwasaidia vijana kutafuta kazi inayowafaa, na idara nyingi za Marekani zinahesabu uzao wao kutoka pale. Wa shuleni wana mzigo ambao sitautendea haki kwa sentensi mbili: mwanafunzi wao atakuwa na dakika kumi kati ya vipindi, mlango wazi, na mtoto ambaye hakuomba kuletwa.

Huko Marekani chombo kinachothibitisha programu hizi, CACREP, kilichoanzishwa 1981, kinadai saa 100 za mafunzo kwa vitendo, kisha 600 za kazini, na wiki kwa wiki mwanafunzi akae na msimamizi kwa saa moja, mbali na saa moja na nusu ya kikundi. Namba hizo hukaa kimya kwenye prospektasi. Maana yake ni kwamba kuna mhadhiri ambaye kila wiki anatoa saa kwa mwanafunzi mmoja na rekodi moja. Hakuna mhadhara wa ukumbi mkubwa unaoweza kuchukua nafasi ya hiyo, na mwenye kubana matumizi ya chuo huiangalia saa hiyo kwa wivu. Inafaa ilindwe.

Ndani ya saa hiyo kuna uamuzi unaofanyika mara nyingi bila kuonekana. Janine Bernard aliuweka wazi mwaka 1979: msimamizi anaweza kuwa mwalimu, anayeonyesha jinsi ya kufanya, anaweza kuwa mshauri, anayemsaidia mwanafunzi kuona kilichomgusa yeye, au anaweza kuwa mwenzake wa kufikiri naye, wakilitazama tatizo bega kwa bega. Turudi kwa yule mama na nyumba yake. Kama mwanafunzi hakujua la kusema, anahitaji mwalimu. Kama alijua akaogopa, mwalimu hamfai kitu. Na msimamizi akikosea upande wa pili, akageuza kila kosa kuwa jeraha la utotoni, mwanafunzi aliyetaka tu kuonyeshwa atatoka amevuliwa nguo. Maadili pia yana mpaka wake hapa: mhadhiri anayempa mtu alama za mtihani hawezi kuwa mtabibu wake. Anaigusa hofu kwa kadiri inavyoathiri kazi, na zaidi ya hapo anampeleka kwa mtu mwingine.

Wengi wetu Afrika Mashariki tulilisikia neno ushauri nasaha kwa mara ya kwanza palipopimwa Virusi vya Ukimwi, kabla ya kipimo na baada yake. Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO nchini Uganda mwaka 1987, mwaka uleule alipofiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, na watu walifundishwa kusikiliza habari nzito kuliko zote huku foleni ikiwa nje. Kenya ilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, na vyuo vikuu vyetu vinatoa shahada za fani hii. Ninachoomba ni kwamba tunapoajiri wahadhiri tusihesabu machapisho tu. Tuulize pia: huyu ameketi na wanafunzi wangapi mbele ya rekodi, na walitoka vipi?

Nimalizie kwa rekodi moja maarufu. Mwaka 1964 Rogers, akiwa mtu mzima wa miaka 62, alikubali kukaa mbele ya kamera kwa nusu saa na mwanamke ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa jina la Gloria, mama aliyeachika, aliyekuwa akihangaika kama amwambie binti yake ukweli kuhusu maisha yake. Wataalamu wengine wawili, Fritz Perls na Albert Ellis, nao walirekodiwa wakiwa na Gloria, kila mmoja kwa njia yake, na filamu hiyo, iliyotengenezwa na Everett Shostrom, imekuwa ikifunguliwa madarasani tangu 1965. Karibu na mwisho wa kikao cha Rogers, Gloria anamwambia jinsi ambavyo angependa kuwa na baba wa namna yake, na Rogers anamjibu kwamba kwake yeye anaonekana binti mzuri. Wengine wanasema hapo alipotea, aliacha kumsikiliza akaanza kumliwaza, na kwamba alipaswa kuuliza kuhusu baba halisi. Wengine wanasema hapo ndipo kikao kizima kilipofikia kilele chake, mtu mmoja akikutana na mwingine bila ngao.

Msimamizi niliyemweleza hapo juu, akifika kwenye dakika hiyo, anasimamisha filamu. Hawaambii wanafunzi nani yuko sahihi. Anamtaka kila mmoja aandike neno kwa neno jibu ambalo angelitoa yeye, na katika safu ya tatu aandike alichokuwa akikihisi alipokuwa akiliandika, kisha wanaanza kusomeana.